Nguvu iliyopotea 1971 haimo kwenye kabureta

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa magari ulimjibu hivi karibuni msomaji anayeishi Houston, Texas, aliyenunua Chevrolet Nova ya 1972 yenye V8 (silinda nane kwa umbo la V) ya inchi za ujazo 350. Ana dola 2,000 na anataka gari lipate nguvu. Mwandishi wenu alimwambia mambo mawili. Kwanza, kwamba magari ya mwaka ule yaliibiwa theluthi ya nguvu zake na kiwanda chenyewe. Pili, kwamba dawa yake ni kabureta ya 750, yaani ya kupitisha futi za ujazo 750 za hewa kwa dakika, na kamshafti kubwa, ile shafti inayofungua valvu. La kwanza ni kweli nusu. La pili litammaliza pesa, na gari litakuwa zito kuondoka kwenye taa kuliko lilivyo leo.

Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani. Ufundi niliuanzia huko, chini ya malori ya Bedford na Land Rover, na sasa nafanya kazi katika karakana ya kuchonga injini hapa Grand Rapids, Michigan. Benchi langu ni la silinda hedi, vile vifuniko vya juu ya silinda vinavyobeba valvu. Zinaletwa chafu, naziosha, natafuta nyufa, nakata viti vya valvu, nasawazisha uso, zinaondoka. Chakula chetu hasa kinatoka kwa malori ya kazi, lakini theluji ikianza kuyeyuka huja wenye yale magari ya milango miwili ya miaka ya 60 na 70, magari ya misuli kama wanavyoyaita wenyewe: Nova, Camaro, Chevelle, Dodge Dart, Mustang. Wengi huja kwangu mwisho, pesa zikiwa zimekwisha kwenye vitu vinavyong'aa. Ndiyo maana nimeandika.

Nianze na huo wizi. Jedwali lenu lilionyesha 350 ya kabureta ya midomo minne ikiwa na nguvu farasi 300 mwaka 1970, 270 mwaka 1971, na 200 mwaka 1972. Tarakimu zote tatu ni sahihi; kosa ni kuzipanga kwenye mstari mmoja kana kwamba zimepimwa kwa mizani moja. Viwanda vya Marekani vilizoea kutangaza nguvu ghafi: injini inafungwa kwenye stendi, haina chujio la hewa, haizungushi alteneta, bomba za ekzosi ziko wazi, na fundi ameiweka taimingi, yaani wakati wa cheche ya plagi, pale injini inapopenda. Magari ya 1972 yakaanza kutangazwa kwa nguvu halisi, injini ikiwa na kila kitu inachobeba barabarani. Mwaka 1971 General Motors ilitoa vipimo vyote viwili, na 350 hiyohiyo kwenye Camaro iliandikwa 270 kwa kipimo cha zamani na 210 kwa kipimo kipya. Kwa hiyo kati ya 1971 na 1972 kilichoanguka, karibu chote, ni karatasi. Upungufu mkubwa wa kweli ni zile 30 za kati ya 1970 na 1971. Naomba mlisahihishe jedwali lile, kwa sababu mtu akiamini amepungukiwa na nguvu farasi 100, atanunua vitu vya kuziba pengo la 100.

Halafu kuna jambo ambalo mwandishi wenu alilipita. Msomaji alisema kabureta yake ina midomo miwili. Basi jedwali lile halimhusu kabisa. Nova ya 1972 yenye 350 ya midomo miwili ilitoka kiwandani na 165 kwa kipimo kipya. Hapo ndipo anapoanzia.

Sasa zile 30 zilikwenda wapi? Zilikwenda kwenye kompresheni. Injini ya 1970 ilikuwa inaubana mchanganyiko wa hewa na petroli mara 10.25, ya 1971 mara 8.5. Aliyekuwa rais wa General Motors wakati huo ni Edward Cole, na huku kwetu huyo ni mtoto wa nyumbani: alizaliwa 1909 Marne, kijiji kilicho magharibi kidogo ya mji huu. Ndiye aliyekuwa mhandisi mkuu wa Chevrolet V8 ndogo ilipozaliwa mwaka 1955 ikiwa na inchi za ujazo 265, na ndiye aliyekuwa kileleni injini za 1971 ziliposhushwa kompresheni ili ziweze kutumia petroli isiyo na madini ya risasi. Risasi ingeviua vile vifaa vya kusafisha moshi ambavyo vilikuja na magari ya 1975. Alifariki 1977, ndege aliyokuwa akiirusha mwenyewe ilipoanguka karibu na Kalamazoo, kusini mwa hapa. Vijana wa magari ya misuli humlaani hata bila kumjua jina. Mimi siungani nao. Afrika Mashariki tumekuja kuachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006, na mtu aliyekulia gereji anajua alivuta nini miaka yote ile.

Lakini hesabu ndiyo hiyo: kilichoondolewa ni kompresheni, na chenye kurudisha ni kompresheni. Kabureta na kamshafti kubwa haziirudishi. Kamshafti kubwa hata huzidisha ugonjwa, kwa sababu huchelewa kuifunga valvu ya kuingiza. Pistoni inapoanza kupanda, sehemu ya hewa hurudi ilikotoka. Injini yenye 10 na ushei inaweza kuvumilia hasara hiyo kwenye mizunguko ya chini. Yenye 8.5 haina cha kupoteza. Itatetemeka vizuri pale ilipoegeshwa, watu watageuka kuangalia, na ukikanyaga mafuta itakohoa kwanza. Ukiongeza giaboksi otomatiki ya kawaida na difu ndefu ya 3.08 (shafti izunguke mara 3.08 ndipo gurudumu la nyuma lizunguke mara moja), umejinunulia gari la kusikilizwa.

Kuhusu hiyo 750, hesabu yake haihitaji shule kubwa. Injini ya mipigo minne huvuta hewa kila mizunguko miwili. Chukua inchi za ujazo 350, zidisha kwa mizunguko 5,500 kwa dakika, gawanya kwa 3,456 (ile mizunguko miwili mara inchi za ujazo 1,728 za futi moja ya ujazo). Unapata futi za ujazo 557 kwa dakika, tena kama silinda zingejaa kabisa, na za injini ya namna hii hazijai. Zikijaa kwa asilimia 85, ni 473. Kabureta ya 600 iliyotumika, inayopatikana kwa dola 200 hivi, inabakiza chenji. Ya 750 hupitisha hewa polepole mno kwenye mwendo wa mjini, na hewa ikienda polepole haiinyonyi petroli sawasawa.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Houston, kabla ya kununua chochote, toa plagi zote nane, upime kompresheni ya kila silinda. Zikitofautiana sana, zaidi ya sehemu moja kwa kumi, simama hapo. Injini iliyochoka ringi haiongezwi nguvu, inafanyiwa ovahoo. Zikilingana, fungua kava la mbele uitazame cheni ya taimingi, ile inayoizungusha kamshafti. General Motors miaka ile waliweka gia ya kamshafti ya aluminiamu yenye meno yaliyovikwa nailoni ili isipige kelele. Nailoni ya zaidi ya nusu karne! Meno hukatika, vipande huanguka kwenye sampu, beseni la oili, na kuziba chujio la pampu ya oili, cheni nayo hulegea, na kamshafti nzima huchelewa kufungua valvu. Seti ya chuma yenye cheni pacha ni kama dola 50. Nimeona watu wakirudishiwa nguvu na cheni peke yake, wakadhani nimewafanyia mazingaombwe.

Ukiwa hapo mbele, kagua pia puli kubwa ya krenki, shafti inayozungushwa na pistoni. Puli hiyo ina duara la nje lililobanwa kwa mpira, na mpira ukizeeka duara huteleza. Alama ya taimingi iko kwenye hilo duara. Alama ikishateleza, taa ya taimingi inakusomea uongo na wewe unaurekebisha moto kwa uangalifu mkubwa kufuata uongo huo. Tafuta sehemu ya juu kabisa ya pistoni namba moja kwa kizuizi cha kuisimamisha pistoni kinachofungwa kwenye tundu la plagi, uone kama alama inakubali.

Distribyuta ya 1972, ile inayogawa moto kwenye plagi, ni ya pointi. Itoe, utafute ile ya elektroniki ya General Motors ambayo koili yake imekaa juu ya kofia. Ilienea kwenye magari yao kuanzia 1975 na yadi za skrepa bado zinayo. Kwa dola 100 unapata nzima. Inataka volti 12 kamili, na waya wa zamani wa kwenda kwenye koili una ukinzani ndani yake, kwa hiyo vuta waya mpya kutoka kwenye boksi la fyuzi. Watu wengi husahau hilo, kisha huilaumu distribyuta. Taimingi ya jumla, ukiwa umechomoa bomba la vakyumu, kwa hedi za zamani iishie digrii 34 hadi 36 kabla ya pistoni kufika juu, kwenye mizunguko 3,000 hivi.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Kuanzia 1996 General Motors walifunga kwenye malori na vani zao 350 yenye hedi walizoziita Vortec. Zilikuwa kwenye pikapu za Chevrolet na GMC, Tahoe, Suburban, na vani za Express hadi 2002. Ni chuma cha kawaida, hazina umaridadi wowote wa kuangalia. Lakini njia zake za kuingiza hewa zimechorwa na watu walioshapata miaka 40 ya kuitafakari injini hii, na chemba yake ya moto ina sentimita za ujazo 64, wakati hedi za Nova ya 1972 zina 76. Silinda moja ya 350 inameza kama sentimita 717. Ukiondoa sentimita 12 kwenye nafasi inayobanwa (chemba, shimo la pistoni na unene wa gasketi kwa pamoja), kompresheni inatoka 8.5 na kupita 9. Pistoni zile zile, krenki ile ile. Umbo la chemba pia huuchoma mchanganyiko haraka, hivyo injini haigongi kwa petroli ya kawaida ya kituoni. Lori lililozaliwa na hedi hizi lilitangazwa na nguvu 255, kwa kipimo kile kipya kilichoipa Nova 165. Sikuahidi 255, maana lori lile lilikuwa na kamshafti yake na sindano za petroli. Ila utaona mwenyewe upepo unaelekea wapi.

Jinsi ya kuzitambua: fungua tapeti kava, safisha oili, usome namba iliyosubiwa kati ya springi za valvu. Tarakimu tatu za mwisho ni 906 au 062. Zote mbili ni nzuri. Tapeti kava zenyewe hufungwa kwa bolti za katikati, si za pembezoni kama zako, kwa hiyo zichukue. Chukua na rokaamu zote 16, vile vipande vinavyobonyeza valvu, kwa sababu za kwako hazitakubali: hizi zina ulimi wa kujishikilia juu ya valvu. Pushirodi, vijiti vinavyosukuma rokaamu, ziache! Lori lilikuwa na tapeti (vipande vinavyokaa juu ya kamshafti) za rola, ndefu, na pushirodi zake ni fupi, inchi 7.2. Tapeti zako bapa zinataka za inchi 7.8, ambazo unazo tayari.

Jozi ya hedi hizi kwa huku ni dola 300 hivi, na hapo ndipo watu wanapofanya ubahili mahali pasipostahili. Wanazifunga kama walivyozichomoa. Hedi za Vortec zina ugonjwa mmoja unaojulikana: lori likiwahi kuchemsha maji, ufa mwembamba hujitokeza kwenye kiti cha valvu ya ekzosi au kati ya viti viwili. Kwa macho huuoni. Sisi tunaupaka unga wa chuma na kuweka sumaku, na unga unajipanga kwenye ufa. Jozi nyingi nilizopewa na watu walioapa kwamba lori halijawahi kuchemka zimeishia kwenye pipa la skrepa. Kwa hiyo nunua kwa masharti ya kurudisha, na utenge dola 350 za kupima, kukata viti upya na kusawazisha uso. Mwambie fundi apime pia nafasi iliyopo kati ya kofia ya springi na gaidi ya valvu. Hedi hizi kama zilivyo huishia kuinua valvu kama inchi 0.46, na kamshafti kubwa ile aliyopendekeza mwandishi wenu ingezigonga kofia hadi zivunjike. Kamshafti yako ya asili inatosha kabisa kwa sasa.

Manifoldi ya hewa nayo lazima ibadilike, kwa kuwa bolti za Vortec ni nane na zimesimama wima, wakati za kwako ni 12. Ni dola 250 ikiwa na bahati kidogo, na unachukua ya kabureta ya midomo minne, ndipo ile 600 inapokaa. Gasketi zote, dola 100. Hedi hizi hazina ile njia ya kupitisha moshi wa moto chini ya kabureta, hivyo nunua kabureta yenye choki ya umeme. Houston hutalijua tatizo. Hapa Michigan mwezi wa kwanza ungelijua kila asubuhi.

Kuna atakayeuliza: kwa nini asisage hedi zake mwenyewe ili chemba ipungue? Tanga tulifanya hivyo kwa injini za silinda nne za mstari mmoja, na zilikubali. Kwenye V8 ndogo unahitaji kuondoa takriban inchi 0.006 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Ukitafuta sentimita 12 umekula zaidi ya inchi 0.07, hedi imebaki ganda, na kwa sababu safu mbili zimelala kwa pembe, manifoldi haikai tena juu yake. Matundu ya bolti yanakataa na hewa inavuja. Inasagwa kidogo kusawazisha, basi.

Ekzosi yake ni ya bomba moja. Mbili za inchi mbili na nusu, zilizokatwa na kuunganishwa na fundi wa mtaani, ni dola 400. Difu ya 3.73 badala ya 3.08 ingeongeza msukumo kwenye magurudumu kwa asilimia 21 bila kuigusa injini, lakini kwa tairi za kimo cha inchi 26, mwendo wa maili 70 kwa saa unaoenda leo kwa mizunguko 2,800 utapanda hadi 3,400, na barabara za Texas ni ndefu. Mimi ningeiacha.

Vijana hapa dukani, mmoja wao Mkongo kutoka Uvira ambaye mkono wake kwenye spana nauhusudu, wananiambia nimepitwa na wakati. Kwamba siku hizi mtu anachukua injini ya 5.3 ya Silverado ya 1999 na kuendelea, na anaanza na nguvu 270 bila kufungua bolti ya hedi. Ni kweli, na injini yenyewe haina bei ya kutisha. Waulize bei ya kompyuta na waya zake, pampu ya petroli ya presha, sampu ya kuingia kwenye chesesi ya Nova, na mikono ya ekzosi. Dola 2,000 zinaisha gari likiwa bado limepandishwa kwenye mawe. Gesi ya naitrasi, ile ya kuongeza nguvu kwa ghafla, sitaizungumzia. Pistoni za 1972 ni za kusubu na zina umri wa babu.

Jumlisha nilivyotaja: cheni, distribyuta, hedi, kazi ya mashine, manifoldi, kabureta, gasketi, ekzosi. Ni dola 1,750. Zile 250 ni za breki, na kama hazitoshi ekzosi isubiri. Nova nyingi za bei ya chini zilitoka na dramu magurudumu yote manne, na dramu ikishapata moto mara mbili tatu mfululizo, pedali inakuwa ngumu na gari haliitiki. Kwanza tazama mbele kama una diski au dramu. Ukurasa wenu ulitoa safu tatu za nguvu bila neno breki hata mara moja, na hilo limenikera kuliko jedwali.

Ukimaliza, usilipie mashine ya kupimia nguvu. Nenda uwanja wa robo maili ulio karibu nawe. Sisi tuna wetu kule Martin, kandokando ya barabara ya 131. Usitazame sekunde, hizo zinategemea tairi na dereva. Tazama mwendo wa mwisho. Ugawanye kwa 234, jibu uliweke kwenye kipeo cha tatu (jibu mara jibu mara jibu), kisha zidisha kwa uzito wa gari na wewe ndani. Nova yenye pauni 3,500 ikivuka mstari kwa maili 85 kwa saa, ina nguvu 168 hivi. Ikivuka kwa 94, ni 227. Fanya hivyo kabla ya kazi na baada ya kazi, tena jioni zinazofanana kwa joto.

Hedi zako za 1972 na manifoldi yake usiziuze, hata ukipewa dola 100 papo hapo. Zipake oili, zifunge kwenye plastiki, uziweke stoo na namba zake zikiwa zinasomeka. Atakayelinunua gari hilo baada yako atakuuliza ziko wapi, na jibu lako litakuwa na bei.

Wako,
Fundi wa Ngamiani,
Grand Rapids, Michigan